Kuujua Uvimbe wa Ubongo Bila Kufungua Fuvu: Picha Zinaweza Kutuambia Nini?

Katika somo la robo hii tunajibu swali ambalo limetufikia mara kadhaa kutoka sharikani: je, ni kweli kwamba siku hizi mashine ya MRI inaweza kutaja aina ya uvimbe ulio ndani ya kichwa, hata jeni zake, mgonjwa asipasuliwe?

Swali hili halikuja hewani. Kijana mmoja tunayemfahamu, mwalimu wa shule ya msingi, alianza kuanguka kifafa akiwa na umri wa miaka 31. Familia ilihangaika, kwanza kwa mganga, kisha katika maombi ya kufunga, na mwishowe hospitali. Picha ya CT skani ilionyesha uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Daktari wa upasuaji alishauri kichukuliwe kipande kidogo cha uvimbe ule ili kipimwe, yaani biopsi. Hapo ndipo ndugu mmoja aliposoma kwenye simu kwamba huko Marekani wanatambua aina ya uvimbe na jeni zake kwa picha tu. Basi familia ilikataa biopsi. Ulipitishwa mchango wa kulipia MRI katika kituo kingine, ambako waliambiwa kwamba picha itasema kila kitu. Miezi 4 ilipita. Picha haikusema kila kitu.

Sisi tulikuwa miongoni mwa waliotangaza mchango ule, na kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana tuliona ni wajibu wetu kukaa chini na kujifunza jambo hili vizuri, kisha kuwaeleza na ninyi. Tulichogundua ni kwamba yule ndugu hakusoma uongo. Alisoma nusu ya habari.

Kwa nini aina ya uvimbe ni jambo kubwa

Mnakumbuka habari za nabii Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese. Alimtazama Eliabu, akaona kimo na umbo lake, akadhani huyo ndiye mfalme. Alikosea, kwa sababu la maana halikuonekana kwa nje. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa katika hali kama hiyo mbele ya uvimbe wa ubongo unaoitwa glioma. Mtaalamu wa patholojia aliangalia seli kwa hadubini, akazipa jina na daraja kuanzia 1 hadi 4 kulingana na zinavyoonekana. Lakini wagonjwa wawili wenye jina moja na daraja moja waliweza kuwa na mwisho tofauti kabisa. Mmoja alifariki baada ya mwaka, mwingine alikuwa bado analima shamba lake miaka kumi baadaye.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, pamoja na wenzao, walisoma jeni nyingi za uvimbe wa aina ya glioblastoma. Katika baadhi ya wagonjwa, hasa vijana, walikuta jeni moja imebadilika mahali palepale. Jeni hiyo inaitwa IDH1. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba IDH1, au ndugu yake IDH2, imebadilika katika zaidi ya asilimia 70 ya glioma za daraja la 2 na la 3 kwa watu wazima. Wagonjwa wenye badiliko hilo kwa kawaida waliishi muda mrefu kuliko wasio nalo.

Ugunduzi huo ulibadilisha hata majina. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliingiza jeni katika orodha yake rasmi ya uvimbe wa ubongo, na mwaka 2021 likaenda mbali zaidi. Sasa glioma za watu wazima zinazosambaa katika ubongo zimegawanywa katika makundi makubwa matatu. La kwanza ni astrositoma yenye IDH iliyobadilika. La pili ni oligodendroglioma, ambayo pamoja na IDH iliyobadilika imepoteza vipande viwili vya kromosomu, mkono mfupi wa namba 1 na mkono mrefu wa namba 19. Wataalamu huandika 1p/19q. La tatu ni glioblastoma, ambayo IDH yake haijabadilika, nayo ndiyo kali kuliko zote.

Tofauti hizi si za kwenye karatasi tu. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, wagonjwa wenye uvimbe wa daraja la 3 uliopoteza 1p/19q walipewa tibakemikali ya dawa tatu pamoja na mionzi. Nusu yao waliishi zaidi ya miaka 14.7. Wenzao waliopewa mionzi peke yake, nusu waliishi zaidi ya miaka 7.3. Linganisha na glioblastoma: katika utafiti mkubwa wa mwaka 2005, mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi iliwafikisha nusu ya wagonjwa miezi 14.6, na mionzi peke yake miezi 12.1. Kwa hiyo familia inayouliza "ni uvimbe wa aina gani?" inauliza mambo mazito: tumtibu vipi, tuuze shamba au tusiuze, mama ajiandae kwa miezi au kwa miaka.

Kemikali inayojitangaza yenyewe

Sasa tuje kwenye habari ile ya Marekani. Jeni ya IDH hutengeneza kimeng'enya kinachofanya kazi ya kawaida ndani ya seli. Tukifananisha, ni kama mashine ya kusaga kijijini: mahindi yanaingia, unga unatoka. Jeni inapobadilika, mashine inaharibika kwa namna ya ajabu. Inachukua unga uliokwisha kusagwa na kuugeuza kuwa kitu kingine ambacho hakuna aliyekiagiza. Kitu hicho ni kemikali iitwayo 2-hidroksiglutarati, kwa kifupi 2HG. Jambo hili lilielezwa mwaka 2009. Katika ubongo wenye afya 2HG ni kidogo mno, lakini ndani ya uvimbe wenye IDH iliyobadilika inarundikana kwa wingi sana.

Watafiti waliona mara moja maana ya jambo hili. Ikiwa kuna kemikali inayopatikana kwa wingi katika kundi moja tu la uvimbe, basi atakayeweza kuipima kutoka nje ya fuvu ataijua jeni bila kugusa ubongo.

Chombo cha kuipima kilikuwapo tayari. MRI ya kawaida hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kusikiliza hidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili, kisha kompyuta inachora picha. Haitumii mionzi kama eksirei au CT skani. Mashine hiyohiyo, ikiwekewa programu nyingine, inaweza kuyapuuza maji na kusikiliza hidrojeni iliyomo katika kemikali nyingine. Kazi hii inaitwa spektroskopia. Haileti picha bali mchoro wa vilele, kila kemikali na kilele chake.

Walioimba kwaya wataelewa ugumu uliopo. Kila kemikali ina sauti yake, na kemikali zilizo nyingi husikika bila shida. Lakini sauti ya 2HG iko karibu sana na za glutamati, glutamini na GABA, ambazo zipo katika kila ubongo. Ni kama kumtafuta mwimbaji mmoja wa alto ambaye amesimama katikati ya waalto wengine watatu, nao wana sauti kubwa kuliko yeye. Ukisikiliza kwa haraka unaweza kudhani umemsikia kumbe hayupo.

Mwaka 2012 vikundi vya watafiti, kimojawapo Dallas katika jimbo la Texas na kingine Boston, vilionyesha njia za kumtenganisha mwimbaji huyo. Wale wa Dallas walibadilisha muda wa kusubiri kati ya wimbi la redio na usikilizaji, hadi sauti za jirani zikafifia na ya 2HG ikajitokeza. Walipima wagonjwa 30 wenye glioma. Kuonekana kwa 2HG kuliendana na kuwepo kwa badiliko la IDH lililothibitishwa katika vipande vya uvimbe wenyewe. Hiyo ndiyo habari iliyozunguka dunia, na ndiyo iliyomfikia yule ndugu kwenye simu yake.

Nusu ya pili ya habari ilichapishwa miaka minne baadaye, nayo haikuzunguka dunia. Utafiti wa mwaka 2016 uliangalia kipimo hiki kinavyofanya kazi kwa uvimbe wa ukubwa mbalimbali. Kwa uvimbe uliozidi mililita 8, kipimo kiliwatambua wagonjwa 91 katika kila 100 wenye badiliko. Kwa uvimbe usiofika mililita 3.4, yaani mdogo kuliko kijiko cha chai, kiliwatambua 8 tu katika 100. Aidha, uvimbe ukiwa karibu na mfupa wa fuvu au matundu ya hewa ya uso, au ukiwa na damu ndani yake, mchoro unachafuka. Mgonjwa akitikisika pia unachafuka. Na kazi hii inahitaji kwa kawaida MRI yenye sumaku ya tesla 3, programu maalumu, na mtaalamu wa fizikia anayejua kusoma vilele.

Hata hivyo tusiidharau. Uzuri wake mkubwa, kwa maoni yetu, hauko katika siku ya kwanza bali katika ufuatiliaji. Hakuna mtu anayeweza kutobolewa fuvu kila mwezi ili kuona kama dawa inafanya kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Boston walionyesha kwamba kwa wagonjwa waliopewa dawa ya kuzuia kimeng'enya kilichoharibika, 2HG ilishuka sana ndani ya wiki moja tu, na spektroskopia iliona hivyo kabla ukubwa wa uvimbe haujabadilika.

Ishara ambayo haihitaji mashine mpya

Jambo linalofuata lilitufurahisha zaidi, kwa sababu halihitaji kifaa chochote ambacho hospitali yenye MRI haina. Karibu kila MRI ya ubongo hupigwa picha za namna mbili zinazoitwa T2 na FLAIR. Katika T2 maji yote huonekana meupe. Katika FLAIR maji huru huzimwa yakawa meusi, na kubaki weupe wa uvimbe au uvujaji.

Mwaka 2017 watafiti walieleza ishara hii: uvimbe ambao katika T2 ni mweupe karibu wote, lakini katika FLAIR umekuwa mweusi katikati na kubaki na ukingo mweupe kama pete. Walipolinganisha na jeni, kila uvimbe wenye ishara hiyo katika kundi walilochunguza ulikuwa astrositoma yenye IDH iliyobadilika na 1p/19q kamili. Tafiti za baadaye zimeunga mkono ishara hii, ingawa baadhi zilikuta uvimbe mwingine, hasa wa watoto na vijana wadogo, unaoweza kuiiga.

Angalieni vizuri kinachosemwa na kisichosemwa hapa. Ishara ikiwepo kwa mtu mzima, ina uzito mkubwa. Isipokuwepo, haisemi lolote, maana astrositoma nyingi za namna hiyo hazina pete. Ni kama alama ya kovu: ukiliona usoni pa mtu umemtambua, lakini usipoliona huwezi kusema si yeye.

Zipo dalili nyingine ambazo madaktari wa picha huzitumia. Oligodendroglioma mara nyingi huwa na chembechembe za kalsiamu, nazo huonekana vizuri zaidi kwenye CT skani, ile ya bei nafuu. Glioblastoma mara nyingi hunyonya dawa ya rangi inayochomwa kwenye mshipa na kuonekana kama pete nene yenye kiini kilichokufa. Hakuna mojawapo inayotosha ikisimama peke yake.

Kompyuta nazo zimeingia

Kwa kuwa jicho la mtu huchoka, watafiti wamefundisha kompyuta kuangalia maelfu ya picha pamoja na majibu ya jeni, ili zijifunze mfanano. Katika kutambua IDH zimefanya vizuri kwenye tafiti nyingi. Lakini mwaka 2021 yaliandaliwa mashindano ya kimataifa ya kutabiri kwa MRI hali ya jeni nyingine, MGMT, ambayo huashiria kama temozolomidi itamsaidia mgonjwa. Timu nyingi sana zilishiriki. Mshindi alipata matokeo yaliyozidi kurusha shilingi kwa kiasi kidogo tu. Tunalitaja hili kwa sababu matangazo ya akili bandia katika tiba ni mengi, na yanayoshindwa hayatangazwi.

Liko pia suala la kompyuta imefundishwa kwa picha za nani. Nyingi zilifundishwa kwa picha za Marekani na Ulaya, zilizopigwa kwa mashine bora na kwa wagonjwa waliowahi hospitali. Ili kurekebisha hilo, wataalamu wa Nigeria na wenzao walikusanya picha za wagonjwa wa Kiafrika wenye glioma, na mwaka 2023 zikaingizwa katika mashindano ya kimataifa ya kuchora mipaka ya uvimbe. Wenyewe walieleza sababu: kwetu picha mara nyingi ni hafifu, na wagonjwa hufika uvimbe ukiwa umekua sana. Uhaba wa mashine pia ni mkubwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu MRI 84 katika Afrika Magharibi yote, kwa watu zaidi ya milioni 370.

Mambo ya kwetu ambayo picha haiyajui

Hapa tunaomba wasomaji wetu watulie kidogo. Tafiti zote tulizotaja zilianza na wagonjwa ambao tayari ilijulikana kwamba wana glioma. Lakini mtu anayeanguka kifafa Mbulu au Mbeya, na picha ikaonyesha kitu kichwani, bado hajulikani kama ana glioma. Anaweza kuwa na kifua kikuu cha ubongo, ambacho hujikusanya kama donge. Anaweza kuwa na malengelenge ya mnyoo wa tegu wa nguruwe, ugonjwa unaojulikana vizuri katika maeneo yetu yanayofuga nguruwe bila vyoo vya kutosha. Mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kuwa na toksoplasma. Anaweza kuwa na jipu. Yote haya yanaweza kuonekana kama pete nyeupe kwenye picha, na yote yana dawa ambayo si upasuaji mkubwa wala mionzi. Kumpa mtu jina la saratani ya ubongo kwa picha tu, katika nchi zetu, ni hatari ya namna mbili: kumtibu asichonacho, na kumnyima tiba ya alichonacho.

Ndiyo maana kipande cha uvimbe bado ndicho chenye neno la mwisho. Biopsi ina hatari zake, ikiwemo kutokwa damu, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa. Nayo huchukua mahali padogo tu, wakati uvimbe mmoja unaweza kuwa na sehemu tulivu na sehemu kali. Hapo picha inamsaidia daktari kuchagua achukue wapi. Vitu hivi viwili havishindani.

Tena tuseme jambo ambalo wengi hawalijui. Kutambua badiliko la IDH katika kipande si lazima kuhitaji maabara kubwa ya jeni. Ipo rangi maalumu ya kingamwili inayoshika protini ya IDH1 iliyobadilika kwa namna iliyo ya kawaida kuliko zote, ambayo ni karibu 9 katika kila mabadiliko 10 ya IDH yanayopatikana kwenye glioma. Mtaalamu wa patholojia anaiona kwa hadubini ya kawaida. Kwa hospitali zetu za rufaa, kupata rangi hiyo ni jambo la karibu zaidi kuliko kupata spektroskopia ya 2HG, na kama tungeulizwa mchango uende wapi, tungesema uende huko.

Umuhimu wake umeongezeka. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 331 wenye glioma ya daraja la 2 yenye IDH iliyobadilika, waliokwisha kufanyiwa upasuaji tu. Waliopewa kidonge cha vorasidenibu walikaa kwa wastani miezi 27.7 kabla uvimbe haujaendelea au mgonjwa kufariki, na waliopewa kidonge kisicho na dawa miezi 11.1. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Agosti 2024. Bei yake huko ni maelfu ya dola kwa mwezi, hivyo hatuwezi kuwapa familia zetu tumaini la haraka. Lakini hata siku itakapofika, haitatolewa kwa picha. Itatolewa kwa majibu ya kipande.

Kwa familia iliyo katika hali hii

Mkishauriwa biopsi, mwulizeni daktari ni kitu gani kitabadilika katika tiba baada ya majibu, na kwa nini anafikiri ni uvimbe na si kifua kikuu au tegu. Ni maswali halali, daktari mwema hayakasirikii. Mkilipia MRI, ombeni T2 na FLAIR ziwemo, na mpewe picha zote kwenye CD pamoja na ripoti, kwa sababu daktari mwingine hawezi kuhesabu lolote kwenye karatasi moja iliyochapwa. Dawa za kifafa zisiachwe wakati wa kusubiri. Na baada ya upasuaji ulizeni kitalu cha nta chenye kipande kimehifadhiwa wapi na kwa namba gani. Kitalu hicho kinaweza kupimwa tena hata baada ya miaka, kikipelekwa kwenye maabara yenye kipimo ambacho leo hakipo.

Yule mwalimu hatimaye alikubali upasuaji. Uvimbe mkubwa uliondolewa, na kipande kilipelekwa kupimwa rangi ile. Ilikuwa astrositoma yenye IDH1 iliyobadilika. Alipata mionzi, akarudi kufundisha darasa la 4 kwa vipindi vichache kwa siku, kwa kuwa bado huchoka upesi. Daktari wa picha aliyeziangalia upya zile MRI alimwonyesha pete nyeupe kwenye FLAIR. Ilikuwepo tangu picha ya kwanza, ila ripoti ya kituo kile haikuitaja.